Nilivyokwenda Uchindile Kusafisha Vioo vya Baba

Safari hii nimeisimulia vipande vipande mpaka imeharibika. Mmoja amepata habari ya trekta, mwingine ya karai, na kule sokoni wanasema eti nilimpiga shangazi yangu. Sikumpiga mtu. Sasa naandika yote kwenye daftari hili, mpeane zamu, msome, kisha mniache nifungue studio yangu kwa amani. Mambo ya tiketi siwaandikii, hayana utamu.

Ifakara

Naanza na baba, maana bila yeye nisingetoka nyumbani na mvua hizi za elinino.

Baba yangu, Mzee Anselmo, ndiye aliyenifundisha kupiga picha, na studio hii mnayoniitia Mama Picha ni yake. Ujanani, kabla ya Vita ya Pili, alifanya kazi Dar es Salaam kwa mpiga picha mmoja Mzungu. Alibeba kamera, ile kubwa ya kusimama juu ya miguu mitatu, na alichanganya dawa. Picha za majengo wakati ule zilipigwa juu ya kioo. Siku moja yule Mzungu, tajiri wake, akampa sanduku la vioo ambavyo havijapigwa picha lakini vimepitwa na muda, akavitupe. Baba hakuvitupa. Kila Jumapili tajiri akienda kwa rafiki zake, baba alishuka na kamera mpaka ukingoni mwa bandari, akapiga majengo yanayotazama maji: forodha, kanisa lenye mnara mwembamba, maghorofa yenye baraza za matao. Vioo kumi na viwili, vyote alivipiga na kuvisafisha mwenyewe.

Mimi nimelelewa na hadithi hiyo. Tatizo ni kwamba hakuwa na hata picha moja ya kuonyesha. Tajiri alipoanza kuulizauliza habari za sanduku, baba aliogopa kuitwa mwizi, akalipeleka mbali kadiri alivyoweza, kwa dada yake Emerensiana aliyeolewa Uchindile, milimani mbele ya Mlimba. Likakaa huko, na kila mwaka baba alisema atalifuata mwakani.

Sasa kwenye harusi ya mpwa wangu mwaka jana, baba alipewa nafasi ya kusalimia wageni, akasimulia. Mzee Gaudensi akasimama. Mnamjua, karani mstaafu wa mahakama, aliyekaa Dar es Salaam miaka mingi na tangu arudi hakuna jambo la mji ule asilolijua yeye. Akasema, "Jamani, mimi nilikuwepo. Enzi zile Mwafrika aguse kamera? Mzee wetu alibeba miguu mitatu tu."

Watu walicheka mpaka sahani zikaanguka. Tangu siku hiyo baba akawa Miguu Mitatu. Mtu anakuja kupiga picha ya kitambulisho, anauliza, "Miguu Mitatu hajambo?" Baba akaacha kwenda sokoni. Akaacha kukaa barazani. Siku moja nikamwuliza kitu kuhusu bandari, makusudi, nimchangamshe, akanijibu bila kunitazama, "Labda kweli nilibeba tu."

Niliumia. Mzee wa zaidi ya miaka themanini anaanza kujitilia shaka maisha yake mwenyewe kwa sababu ya mdomo wa karani. Nikasema moyoni, nitakwenda Uchindile, na Gaudensi ataviona vioo kwa macho yake.

Bahati nzuri mjukuu mmoja wa shangazi alikuwa amekuja hospitali, akaniambia bibi yake bado ana sanduku la vioo vyeusi darini, juu ya jiko. Kwa hiyo vipo. Mama Fide, yule anayefuata viazi milimani, alikuwa anapanda treni ya kabla ya yangu, nikamtuma kwa mdomo maana shangazi hasomi: "Mwambie shangazi, Skola anakuja kuchukua vile vioo vya baba akavisafishe."

Hayo ndiyo maneno yangu, sikuongeza wala kupunguza. Yashikeni, maana yalinitia matatani.

Treni yangu ilikuwa ije asubuhi. Ikaja kesho yake alasiri. Pale stesheni nilikula samaki wa kukaanga mara tatu kwa mwanamke yule yule, mpaka akanihurumia, mara ya nne akanipa kichwa cha kambale bure. Aliniuliza naenda wapi, nikamwambia nafuata vioo. "Ifakara vioo vimekwisha?" akauliza. Nikaona huu mwanzo si mzuri.

Mbingu

Tulifika Mbingu, treni ikasimama, na ikaendelea kusimama. Mbele maji yalikuwa yamebeba tuta la reli. Wakatuambia siku mbili, labda tatu. Msinianze na ule utani wenu kwamba nilikwenda Mbingu nikarudi, nimeshausikia kwa kila abiria wa behewa letu, na siku ya pili hakuna aliyecheka tena.

Mimi na akina mama wawili tulipokewa na Mzee Luhende, Msukuma aliyehamia na ng'ombe zake miaka michache iliyopita. Tulimwamkia shikamoo, naye akatujibu marahaba kisha akatufundisha kusema mwangaluka, salamu ya kwao Usukumani, na hakuturuhusu kuingia ndani mpaka tulipoitamka vizuri. Mkewe alitupa ugali wa mtama na maziwa mgando. Mimi, mtoto wa wali, niliutazama ugali ule kwa mashaka. Nilikula nikaomba tena.

Alipoona kamera shingoni mwangu aliisogelea akaitazama. Kisha akaenda kuvaa koti.

"Nipige na huyu," akasema, akamleta dume la ng'ombe jeupe lenye pembe pana kama mlango.

Nikampanga asimame mbele, ng'ombe nyuma, kama mnavyojua mimi nilivyo, mtu kwanza. Akakataa. Akaenda kusimama nyuma ya ng'ombe, ikabaki kofia tu. Nikamwambia, "Mzee, huonekani."

"Mimi wananijua," akasema. "Picha hii inakwenda kwetu Shinyanga. Kule wanasema niliondoka na ng'ombe nikaja kuzikwa na maji huku. Huyu ndiye hawajamwona."

Basi nikaelewa, na niliona haya kidogo, maana na mimi nilikuwa safarini kwa jambo hilo hilo. Nikarudi nyuma hatua sita ili pembe zote na mkia wote viingie. Nilitumia picha nne nzima. Wakati wa ukata wa filamu nisingefanya hivyo kwa mbunge.

Luhende hakusahau. Siku ya pili jioni alimkuta dereva wa trekta lililokuwa linapeleka mpunga Mlimba, akamwambia, "Huyu mama asipofika, usipite tena hapa kwangu." Na hivyo nikapata nafasi.

Mbingu mpaka Mlimba

Dereva aliitwa Hamisi, mtu mpole, mnene, aliyewahi kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa akajua watu wa kila mkoa. Hiyo ndiyo iliyonichosha. Hakuna kijiji alichopita bila kuzima injini kusalimiana. Habari za nyumbani, za mashamba, za mvua, za mtoto aliyeng'atwa na mbwa. Kisha trekta linakataa kuwaka, tunashuka, tunasukuma.

Mimi nilikuwa juu ya tela, nimekaa kwenye magunia ya mpunga, nimejifunika turubai. Mvua ikinyesha nalowa, jua likitoka nachemka. Tulinasa kwenye tope mara mbili. Mara ya pili Hamisi alitutaka wote tushuke, na mimi nikazama mpaka magotini, kiatu kimoja kikabaki huko. Nilikitafuta kwa mkono nikakuta cha mtu mwingine, cha kiume, cha mguu ule ule. Nikakivaa. Nilifika Mlimba na kiatu changu na cha marehemu nisiyemjua, na mtu yeyote aliyetaka kucheka nilimtazama mpaka akaacha.

Mlimba

Pale Mlimba niliambiwa treni iliyotoka upande wa Mbeya imeshindwa kuendelea na itageuzia hapo hapo, irudi ilikotoka. Kwangu ilikuwa neema. Nikaingia kwenye mgahawa kungoja, nikaagiza wali na maharage, na nani ninamwona kwenye benchi la kona na magunia yake ya viazi? Mama Fide.

"Skola!" akasema. "Ujumbe wako nimefikisha. Shangazi yako kafurahi huyo."

"Ahsante sana. Vioo vipo?"

"Vipo. Ameshanunua mche mzima wa sabuni."

Nikaacha kijiko. "Sabuni ya nini?"

"Ya kusafishia. Alisema haiwezekani mtoto wa kaka yake asafiri mwendo wote huo na mvua hizi aje kumsafishia vyombo yeye akiwa amekaa. Mgeni aoshe vyombo? Akasema utavikuta vinameta. Nilipoondoka alikuwa ametuma aletewe mchanga wa mtoni, ule laini, maana alisema ule weusi umegandamana."

Jamani. Nyote mnaokuja studio mnasema, "Mama Picha, nisafishie picha zangu," na mnajua maana yake ni kutia filamu au karatasi kwenye dawa picha itoke. Mimi nalisema neno hilo mara hamsini kwa siku. Wala sikufikiri kwamba kuna mtu duniani ambaye kusafisha kwake ni sabuni na mchanga. Ule weusi uliogandamana ndiyo picha yenyewe. Ukiusugua ukaisha, umebaki na kioo cha dirisha.

Nilimwuliza Mama Fide aliondoka lini. Juzi. Nikauliza treni inaondoka saa ngapi. Hakuna aliyejua. Wali niliuacha mezani. Nilikwenda kusimama kwenye jukwaa la stesheni na kiatu changu cha kiume, nikamsumbua mkuu wa stesheni kila robo saa mpaka akaniuliza kwa upole kama kuna msiba.

"Bado," nikamwambia. "Ndiyo ninaukimbilia."

Mlimba mpaka Uchindile

Treni iliondoka alfajiri. Sehemu ile reli inapanda milima, inaingia kwenye mahandaki, na kila ukitoka upande wa pili kuna daraja na bonde ambalo hutaki kulitazama. Watu walikuwa wanachungulia madirishani na kusifu. Mimi nilikuwa nahesabu. Shangazi ana zaidi ya miaka sabini na mitano. Mtu wa umri huo anasugua vioo vingapi kwa siku? Viwili? Halafu nikakumbuka kwamba ni mkulima wa Uchindile, nikaona anaweza kusugua vyote kumi na viwili kabla ya chai.

Jirani yangu kwenye kiti, mama mmoja wa Makambako, alinipa viazi vya kuchemsha na chumvi kwenye karatasi. Nilimweleza yote. Alisikiliza vizuri, akatafuna, akasema, "Lakini shangazi yako ana adabu sana." Nikakubali kwa kichwa, maana ni kweli.

Uchindile

Nilishuka kwenye baridi. Sisi wa bondeni tunasahau kwamba kuna baridi mahali hapa hapa kwetu. Nikauliza kwa Bibi Emerensiana, nikaonyeshwa njia inayopanda kati ya miti ya kupandwa, nikaenda nusu natembea nusu nakimbia.

Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa amechuchumaa uani, mbele yake karai kubwa, mkononi gunzi la mahindi, pembeni mfuniko wa sufuria wenye mchanga. Ukutani, kwenye jua, vimeegemezwa vioo vitatu. Vyeupe. Kupitia kwao uliona udongo wa ukuta vizuri kabisa.

Niliruka, nikachuchumaa upande wa pili wa karai, nikamshika mkono wenye gunzi. Huo ndio upigaji mnaousikia sokoni.

Alinitazama kwa utulivu. "Mtoto wa Anselmo," akasema, "hata shikamoo huna?"

Nikiwa bado nimemshika mkono, maji ya sabuni yakinitiririka mpaka kwenye kiwiko, nikasema, "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umechelewa, nimeshaanza. Vile vitatu tazama vinavyong'aa. Kila kimoja kimenila asubuhi nzima. Kina ngozi ngumu juu, inang'ang'ania."

Nikaanza kulia. Sikutaka, lakini nililia kama mtoto, na shangazi akadhani nimefurahi. Akanipigapiga begani kwa mkono wenye povu. Ilibidi nimwambie. Nikamweleza kwamba ile ngozi ndiyo picha, kwamba kusafisha kwa wapiga picha ni kutia dawa ili picha itoke, na kwamba vile vitatu havina kitu tena.

Aliliweka gunzi pembeni. Kisha akasema, "Sasa kama ni kutoa, kwa nini msiseme kutoa?"

"Ndivyo tunavyosema, shangazi. Tumezoea."

"Lugha yenu ya uongo," akasema, na machozi yakamtoka. "Miaka yote hii nimemtunzia kaka yangu sanduku lake. Nilihama nyumba mbili nalo, nyumba moja iliungua, nikaokoa sanduku kabla ya unga. Halafu nakuja kuviua mwenyewe kwa sabuni."

Hapo machozi yangu yakakauka kwa aibu. Nilikuwa nimemlilia mtu aliyevibeba vioo vile maisha yake yote. Nikamwomba radhi, na nilimaanisha. Kisha nikauliza, kwa kuogopa jibu, vingine viko wapi.

Vitano vilikuwa bado sandukuni. Vinne vilikuwa ndani ya karai, ameviloweka ili vilainike.

Nikatumbukiza mikono. Na hapa nisikilizeni, maana ndipo nilipoanza kushinda. Maji yalikuwa baridi ya kukata vidole. Yangekuwa maji yetu ya Ifakara mwezi huu, ngozi ile ingeyeyuka ikaelea kama utando wa maziwa. Kwa baridi ya Uchindile ilikuwa imekaa imara. Tena masizi ya jikoni ya miaka sitini, ambayo mimi mwenyewe sikujua ningeyatoaje, yalikuwa yameachia na kubaki kwenye maji. Shangazi, kwa kuloweka kule, alikuwa amefanya kazi ambayo mimi ningeiogopa.

Nilivitoa kimoja kimoja kwa kushika kingo, nikavisuuza kwa maji ya mtungi, nikaviegemeza kivulini juu ya magogo. Kimoja kilikuwa kimeanza kuinuka ngozi pembeni. Nikailaza kwa ncha ya kidole, pole pole, huku nimebana pumzi. Ikatulia. Shangazi alisimama nyuma yangu akifukuza kuku kwa khanga.

Vilipokauka niliinua kimoja juu angani. Kwenye kioo mambo huwa kinyume, mbingu nyeusi na vivuli vyeupe, lakini mimi nimezoea kusoma hivyo. Niliona bandari. Niliona safu ya maghorofa, matao juu ya matao, baraza, mabati, mnara wa kanisa, na chini yake maji yamelala kimya. Wachukuzi wawili wamesimama karibu na winchi, wamegeuka kumtazama mpiga picha. Kila tofali limenyooka. Niwaambie ukweli, mimi nimepiga picha miaka ishirini na tano na sijawahi kupiga kitu kama kile.

Na kwenye kona, kwa ncha ya sindano, mtu alikuwa amekwaruza herufi: ANSELMO.

"Kimeandikwa nini?" shangazi akauliza.

"Jina la kaka yako."

Akakichukua, akakiinua, akakitazama kwa muda kama msomaji. "Basi kumbe alisema kweli," akasema. "Na mimi nilikuwa namtunzia tu, sikuwa nauliza."

Nilikaa kwake siku tatu. Nilikula maharage, viazi, na mahindi ya kuchoma, na nikaonja ulanzi, pombe yao ya mianzi, kidogo tu, msiongeze. Vile vitatu vitupu hakutaka nivibebe, aliona ni kunikumbusha kosa lake. Nikamwambia baba atahesabu kumi na viwili, na kumi na viwili ndivyo nitakavyompelekea.

Kurudi

Shangazi ndiye aliyefunga mzigo. Alifunga kila kioo kwa kipande cha kitenge, akavipanga vimesimama ndani ya debe, kisha akamwaga maharage makavu mpaka yakajaa kila pengo. Ukitikisa, kimya.

Reli ilikuwa imeshatengenezwa, kwa hiyo nilishuka moja kwa moja mpaka Ifakara, debe katikati ya magoti. Kila mtu aliyepita aliniuliza bei ya maharage. Kuna bwana mmoja alisimama na mfuko tayari, akanibembeleza kutoka Mlimba mpaka Chita, akadhani nakataa kwa sababu napandisha bei. Mwisho nikamwambia ndani kuna baba yangu. Akahama behewa.

Ifakara tena

Baba alikuwa amekaa chumbani. Nilimwaga maharage kwenye ungo mbele yake, nikatoa vioo kimoja kimoja. Alivipokea kwa kushika kingo, kama alivyonifundisha mimi nikiwa msichana. Vile vitatu nilimweleza vilivyokuwa. Aliuliza tu, "Dada hakulia?" Nikasema alilia. Akasema tutamwandikia leo hii, mjukuu amsomee.

Mchana ule ule niliingia chumba cha giza. Nilitoa karatasi kubwa niliyokuwa naiwekea harusi, nikalaza kioo juu yake, nikawasha taa, nikahesabu mpaka nane, nikatia kwenye dawa. Maghorofa yakaanza kupanda kutoka kwenye weupe, tao moja baada ya jingine, na mimi nikawa nacheka peke yangu gizani.

Kisha nikaona jina limetoka kinyume. Nikasonya, nikadhani nimelaza kioo upande usio wake. Nikatazama bango la duka kwenye picha: linasomeka sawasawa. Picha iko sawa, jina ndilo lililogeuka. Nikarudia na cha pili. Vile vile. Zote tisa. Sikuelewa, lakini niliziacha zikauke.

Kesho yake ilikuwa siku ya gulio. Nilifunga kamba mbele ya studio, nikatundika picha zote tisa, nikamtoa baba na kiti chake. Hakutaka. Nilimwambia nimepoteza kiatu kwa ajili yake.

Watu walijaa. Na Mzee Gaudensi hakukosa. Alivaa miwani, akapita picha moja moja kama anakagua mafaili. Nilimwona anabadilika uso. "Hili dirisha," akasema, "ndilo la ofisi yangu ya kwanza. Hapa ndipo nilipokuwa natundika koti." Alisahau kabisa kwamba alikuja kubisha. Kisha akainama kwenye kona.

"Nilisema mimi," akatangaza. "Jina la Mzungu hili hapa. Omlesna. Huyu bila shaka alikuwa Mgiriki."

Watu wakaguna. Nikafungua mdomo, lakini baba alinitangulia. "Mleteeni kioo cha kujitazama," akasema.

Kinyozi wa jirani akatoa chake. Gaudensi akakishika mbele ya picha, akainama tena, na nikaona midomo yake inasoma kabla sauti haijatoka. "Anselmo," akasema.

"Jina juu ya kioo huandikwa kinyume, ili kwenye karatasi litoke sawa," baba akasema. "Tajiri wangu alijua, ya kwake yote yalitoka sawa. Mimi hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa peke yangu, niliandika kama shuleni. Ningekuwa na mtu pale angeniambia."

Hakuna aliyecheka. Gaudensi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nilikuwa nimeandaa maneno yangu ya kumwambia tangu harusini, makali, mazuri. Lakini yeye aligeuka kwenye meza, pale nilipokuwa nimeweka vile vioo vitatu vitupu, akachukua kimoja, akakiinua kwenye mwanga. Kupitia kwake lilionekana soko letu tu, na nyanya, na watu.

Nikajiandaa kumrukia.

"Na hiki, Mzee Anselmo," akasema taratibu, "kilikuwa na nini?"

Baba alizitazama zile tisa kambani, akazihesabu kwa kidole akajua zipi zimekosekana. Kisha akanyoosha mkono akakipokea kioo.

"Hiki ni posta," akasema. "Nilisimama upande wa baharini, jua likiwa nyuma yangu."

"Ngoja nikae," Gaudensi akasema, akavuta kigoda. Na wengine wakakaa, juu ya magunia, juu ya ngazi za studio yangu, wamezuia kabisa mlango wa wateja. Baba alianzia kushoto, nguzo kwa nguzo, akasimulia vyote vitatu mpaka adhuhuri, na hakuna hata mtu mmoja aliyemwomba aonyeshe picha.